Vidonge vya Mitishamba vya Kihindi na Sukari ya Damu

Hotuba ya mfamasia kwa watu wanaoishi na kisukari na jamaa zao

Wazee wetu, shikamooni. Mama zangu, baba zangu, ndugu zangu mnaoishi na kisukari na ninyi mnaowauguza, nawashukuru kwa kunipa nafasi ya kuzungumzia jambo ambalo naulizwa mara kwa mara katika dirisha la dawa: je, vidonge vya mitishamba vya Kihindi, vile vya Ayurveda, yaani tiba ya asili ya India, vinavyouzwa katika chupa zenye picha ya karela na majani ya kijani, vinaweza kumsaidia mtu kuiweka sukari yake sawa? Anayeuliza huwa mara nyingi ameshainunua chupa yenyewe, ameifunga ndani ya mfuko, na anaitoa kwa kusitasita kana kwamba amefanya kosa. Hajafanya kosa lolote. Ugonjwa wa maisha yote humchosha mtu, na ni haki ya aliyechoka kutafuta nafuu popote anapoambiwa ipo.

Nimechagua kulijibu swali hilo kwa urefu kwa sababu jibu la "ndiyo" peke yake linaweza kumuua mtu, na jibu la "hapana" peke yake humfanya azifiche dawa zake na kumnyamazia daktari, jambo ambalo nalo ni hatari. Msimamo wangu naueleza tangu mwanzo ili msikilize mengine yote mkiujua. Mmea wowote wenye nguvu ya kushusha sukari ya damu ni dawa, hata kama umekaushwa juani na kusagwa kwa kinu, na kwa kuwa ni dawa unahitaji kipimo kinachojulikana, unahitaji kuangaliwa unapokutana na dawa nyingine tumboni mwa mgonjwa, na unahitaji matokeo yake yafuatiliwe kwa namba. Ukiwa hauna nguvu hiyo, basi mgonjwa anatumia fedha na muda wake bure, na kwa mwenye kisukari muda una thamani kuliko fedha, maana macho, figo na mishipa ya miguu huharibika polepole bila maumivu yoyote ya kumwonya.

Elimu ya Ayurveda naiheshimu, na ningependa nanyi muiheshimu kwa sababu zilizo sahihi. Vitabu vyake vikuu, Charaka Samhita na Sushruta Samhita, vilivyoandikwa kwa Kisanskriti huko India zaidi ya miaka 1,500 iliyopita, vinaueleza ugonjwa wa mkojo mtamu unaovuta sisimizi, na vinamtenga mgonjwa aliyekonda, ambaye ugonjwa amezaliwa nao, na mgonjwa mnene ambaye ugonjwa umemjia kwa kula kupita kiasi na kukaa bila kujishughulisha. Mganga yeyote wa leo ataona hapo dalili za mapema za mgawanyo tunaoufahamu wa kisukari cha aina ya kwanza na cha aina ya pili. Tena waganga wale hawakumpa mgonjwa dawa wakamwacha aende zake. Mgonjwa mnene waliagiza atembee mwendo mrefu, apunguze vyakula vizito na vitamu, na shayiri iwe sehemu kubwa ya mlo wake. Mitishamba ilikuja ndani ya utaratibu huo mzima, chini ya uangalizi wa mganga aliyemjua mgonjwa wake, na anayekunywa vidonge hivi leo huku chai yake ikiwa na vijiko vinne vya sukari hatumii Ayurveda, hata kama chupa imeandikwa jina hilo kwa herufi kubwa.

Nchi yenye elimu hiyo ya kale ndiyo leo iliyolemewa na kisukari. Utafiti mkubwa uliosimamiwa na Baraza la Utafiti wa Tiba la India, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2023, ulikadiria kwamba watu milioni 101 nchini humo wana kisukari na wengine milioni 136 wako ukingoni mwa kuupata. Soko la vidonge vya kushusha sukari huko ni kubwa mno, na bidhaa zake zinavuka Bahari ya Hindi kama zilivyovuka nguo na viungo kwa karne nyingi. Sisi wa pwani hatuwezi kujifanya wageni wa mimea hii. Uwatu tunao majumbani na wazazi huwapa wanawake waliojifungua, karela tunaipika, manjano hayakosekani jikoni, na zambarau watoto wanazila mpaka ndimi zinabadilika rangi, huku wachache wakijua kwamba mbegu yake husagwa na Wahindi kuwa dawa ya sukari.

Mmea nitakaokaa nao zaidi ni ule ambao Wahindi wanauita gurmar, na wataalamu wa mimea Gymnema sylvestre, kwa sababu ndio unaoonekana katika karibu kila chupa ya aina hii. Ni mmea unaotambaa, unaoota katika misitu ya India ya kati na ya kusini, na unapatikana pia katika Afrika ya kitropiki. Ukitafuna jani lake kisha ukaweka sukari mdomoni, hutasikia utamu. Sukari itakuwa kama mchanga kwa muda wa nusu saa au zaidi. Jambo hilo lilielezwa na Mzungu aliyekuwa India katikati ya karne ya 19, na baadaye wanakemia wakaipata asidi inayozifunga sehemu za ulimi zinazotambua utamu. Lakini kuzuia ulimi usisikie utamu na kushusha sukari iliyomo katika damu ni mambo mawili mbalimbali, na wauzaji wengi huonyesha la kwanza sokoni ili mnunuzi aamini la pili.

Kuhusu la pili kuna utafiti wa kweli, na naueleza kama ulivyo. Mwaka 1990 watafiti wa Madras, mji unaoitwa Chennai siku hizi, walichapisha taarifa ya wagonjwa 22 wa kisukari cha aina ya pili waliopewa miligramu 400 za dondoo ya majani hayo kila siku kwa miezi 18 hadi 20, juu ya vidonge vyao vya kawaida. Sukari yao ilishuka, wengi waliweza kupunguziwa vidonge, na watano kati yao waliviacha kabisa. Taarifa nyingine ya watafiti hao hao, ya mwaka huo huo, ilihusu wagonjwa 27 wanaotegemea insulini, na kiasi cha insulini walichohitaji kilipungua. Kinachoniridhisha ni kwamba dawa iliongezwa juu ya matibabu na wagonjwa walifuatiliwa kwa vipimo muda wote. Kinachonipa tahadhari ni kwamba watu walikuwa wachache, hawakugawanywa kwa kura, wengine wapewe dawa na wengine wasipewe, na wote walijua wanachokunywa. Na mgonjwa anayejua kuwa anaangaliwa kwa karibu mara nyingi hula vizuri zaidi na kumeza dawa zake kwa wakati. Utafiti wa namna hiyo unatosha kumpa mwanasayansi sababu ya kuendelea. Kwangu mimi hautoshi kumwambia mzee wa miaka 65 aache vidonge vyake.

Ipo pia miti. Katika India watu huchonga kikombe kwa mti uitwao vijaysar, wakajaza maji usiku, asubuhi maji yakiwa yamegeuka rangi ya kahawia wakayanywa. Baraza la Utafiti wa Tiba la India liliufanyia kazi mti huo, Pterocarpus marsupium, katika vituo kadhaa, na mwaka 1998 likatoa taarifa kwamba baada ya majuma 12 wagonjwa 67 kati ya 97, yaani asilimia 69, walikuwa wamefikia kiwango cha sukari kilichokusudiwa. Wagonjwa hao walikuwa wapya na kisukari chao kilikuwa chepesi, na hapakuwa na kundi la kulinganisha nalo. Hata hivyo naipenda kazi ile, kwa sababu serikali ilichukua dawa ya wananchi na kuiuliza maswali yale yale inayoulizwa dawa ya kiwandani, na kipimo kiliongezwa hatua kwa hatua kwa kuangalia damu ya mgonjwa.

Karela imechunguzwa zaidi kuliko watu wanavyodhani, na majibu yake yamewavunja moyo waliotarajia makubwa. Mapitio ya mwaka 2012 ya Cochrane, shirika linalochambua tafiti za tiba, yalikusanya majaribio manne yaliyogawa wagonjwa kwa kura, jumla ya watu 479, na hayakuona tofauti ya kutegemewa kati ya karela na kidonge kisicho na dawa ndani yake. Pikeni karela na mle, ni mboga nzuri na haipandishi sukari kama viazi; ila juisi yake kali, ile inayokamuliwa pamoja na mbegu, ni jambo jingine. Mbegu zina kemikali iitwayo visini, ambayo hudhaniwa kuwa inaweza kuvunja chembe nyekundu za damu kwa mtu aliyezaliwa na upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, na upungufu huo si adimu katika sehemu zenye malaria kama pwani yetu.

Uwatu ndio ninaoutetea kwa moyo mkunjufu zaidi kati ya yote. Mbegu zake zina nyuzi laini ambazo zikilowana huvimba na kuwa utelezi, na utelezi huo hupunguza kasi ya wanga kuingia katika damu baada ya mlo, kwa hiyo namna unavyofanya kazi inaeleweka bila kuhitaji imani yoyote. Taasisi ya Taifa ya Lishe ya Hyderabad iliujaribu kwa wagonjwa, na viwango ilivyotumia vilikuwa kati ya gramu 25 na gramu 100 za unga wa mbegu kwa siku, umechanganywa katika chakula. Hapo ndipo ninapowaomba mpige hesabu. Kidonge cha kawaida cha mitishamba kina miligramu 500, na mara nyingi hizo zimegawanywa kati ya mimea sita, minane au kumi. Hata kama kidonge chote kingekuwa uwatu mtupu, mtu angelazimika kumeza 50 kwa siku kuzifikia gramu 25 zile. Anayetaka faida ya uwatu anunue mbegu sokoni kwa bei nafuu, azilowanishe usiku, azitumie kama chakula, na asimeze dawa zake nyingine wakati huo huo, kwa sababu utelezi ule ule unaweza kuchelewesha dawa kuingia mwilini.

Sasa tuisome chupa. Katika chupa nyingi zinazotoka nje kuna maneno kwamba bidhaa "husaidia kudumisha sukari katika kiwango chenye afya". Maneno hayo yamepimwa na wanasheria kabla ya kuchapwa. Sheria ya Marekani ya mwaka 1994 kuhusu virutubisho vya nyongeza inamruhusu mtengenezaji kuuza bila kuithibitishia kwanza serikali kwamba bidhaa inafanya kazi, mradi tu asidai kwamba inatibu ugonjwa, na inamlazimu aweke maelezo kwamba bidhaa haikukusudiwa kutambua, kutibu, kuponya wala kuzuia ugonjwa wowote. Maelezo hayo huwekwa nyuma ya chupa kwa herufi ndogo. Kwa hiyo mtengenezaji mwenyewe, katika sehemu pekee anayowajibika kisheria kusema kweli, amekwisha kukwambia kwamba chupa hii si matibabu ya kisukari, na anayeiita matibabu ni yule anayekuuzia dukani, katika kituo cha basi au kwa ujumbe wa simu.

India yenyewe imeliona tatizo hilo. Sheria yake ya mwaka 1954 inakataza matangazo yanayodai kuponya magonjwa kadhaa yaliyoorodheshwa, na kisukari kimo katika orodha. Mwaka 2022 Chama cha Madaktari cha India kilipeleka malalamiko Mahakama ya Juu dhidi ya Patanjali Ayurved, kampuni inayouza dawa za Ayurveda, kuhusu matangazo yake, na mwaka 2024 mahakama hiyo iliwataka viongozi wa kampuni wafike mbele yake, nao wakaomba radhi hadharani kupitia magazeti. Nalitaja hilo kwa sababu nimesikia watu wakisema kwamba wanaohoji dawa hizi ni wageni wenye wivu na tiba za Mashariki. Waliohoji ni Wahindi, katika mahakama ya Wahindi, kwa ajili ya wagonjwa wa Kihindi.

Hatari ninayoiogopa zaidi haimo katika majani, imo katika vitu vingine vinavyoingia chupani. Ndani ya Ayurveda kuna tawi la kale linaloitwa rasa shastra, linalochanganya mimea na madini kama zebaki na risasi kwa makusudi, baada ya kuyachoma na kuyasafisha kwa taratibu ndefu ambazo wafuasi wake wanaamini huondoa sumu. Mwaka 2004 Robert Saper, daktari mtafiti wa Marekani, na wenzake walichapisha matokeo ya kupima bidhaa 70 za Ayurveda walizonunua katika maduka ya eneo la Boston, na 14 kati yake, yaani moja katika kila tano, zilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Mwaka 2008 walichapisha matokeo ya bidhaa nyingine 193 zilizonunuliwa kwa intaneti, zilizotengenezwa India na Marekani, na kiwango kikawa karibu kile kile. Risasi hukaa mifupani kwa miaka, hupunguza damu, huleta maumivu ya tumbo yasiyoeleweka, na huumiza mishipa ya fahamu na figo. Mtazame mwenye kisukari: mishipa yake ya fahamu na figo zake ndivyo viungo ambavyo tunapigana usiku na mchana kuviokoa. Ganzi ya miguu ikizidi, nani atajua kama imeletwa na sukari au na kidonge alichonunua ili kuishusha?

Udanganyifu wa pili ni wa kuchanganya dawa za hospitali ndani ya mitishamba bila kuandika. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kwa kampuni 15 zilizokuwa zikiuza bidhaa za kisukari kinyume cha sheria, na katika bidhaa moja iliyouzwa kama mchanganyiko wa asili wa Kihindi maabara ilikuta metformini, kidonge cha hospitali cha kushusha sukari. Ubaya wa jambo hili ulionekana Singapore mwaka 2008, ambako katika miezi mitano watu 150 wasio na kisukari walilazwa hospitalini kwa kushuka kwa sukari kupita kiasi, na wanne wakafa; chanzo kilikuwa vidonge vya kuongeza nguvu za kiume vilivyotiwa glibenklamidi, dawa ya kushusha sukari. Wanaume wengi wenye kisukari hupungukiwa nguvu hizo na huona haya kuuliza, kwa hiyo nawaambia waziwazi, baba zangu, kwamba vidonge vya aina hiyo vinawahusu kuliko wengine. Na kwa upande wa dawa za sukari, mchanganyiko wa majani ukishusha namba zako kwa nguvu katika siku mbili au tatu, usifurahi haraka. Majani hayafanyi kazi kwa kasi hiyo, na yawezekana umeshameza dawa ya kiwandani usiyoijua kipimo chake.

Mimea halisi nayo si salama kwa kuwa tu ni mimea. Mwaka 2021 madaktari wa Mumbai waliandika juu ya wagonjwa sita walioumia ini baada ya kutumia giloy, mmea wa Tinospora cordifolia uliokuwa ukinywewa sana wakati wa korona, na ambao umo pia katika michanganyiko kadhaa ya kisukari. Wizara ya India inayosimamia tiba za asili iliupinga uchambuzi huo, na mabishano kati ya wataalamu yakaendelea. Mgonjwa asisubiri mabishano yaishe. Macho yakigeuka manjano, mkojo ukawa na rangi ya chai nzito, hamu ya kula ikapotea na mwili ukawasha, aache kidonge siku hiyo hiyo na aende hospitali akiwa na chupa mkononi.

Mtu anaweza kunisikia mpaka hapa akadhani nimekuja kuitetea dawa ya hospitali dhidi ya mmea. Metformini, kidonge ambacho wengi wenu mnakimeza asubuhi na jioni, ukoo wake umetokana na mmea. Wakulima na waganga wa Ulaya ya zamani walikuwa wakiutumia mmea wa Galega officinalis kwa matatizo ambayo baadhi yake yanafanana na kisukari. Wanakemia wakapata ndani yake kemikali inayoshusha sukari, wakaona kwamba ni sumu mno kwa binadamu, wakatafuta ndugu zake wapole, na mwaka 1957 daktari Jean Sterne wa Ufaransa akachapisha matokeo ya kuwatibu wagonjwa kwa metformini. Marekani iliikubali mwaka 1994 tu, baada ya miaka mingine mingi ya kuihoji. Gurmar na vijaysar zinastahili kupitishwa katika njia hiyo hiyo, na vivyo hivyo mimea yetu ambayo watafiti wa Muhimbili na wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu wanaishughulikia. Kuidai mimea ipimwe ni kuipa heshima. Kuiuza bila kuipima ni kuwatumia wagonjwa kama uwanja wa majaribio huku wakilipa wao.

Basi kwa yule ambaye, baada ya yote haya, bado anataka kutumia vidonge hivi pamoja na matibabu yake, sitamfukuza. Namwomba aanze na daktari au mfamasia wake kwa kuwaonyesha chupa kabla ya kidonge cha kwanza. Aulize namba ya usajili: Tanzania tuna Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala lililoundwa kwa Sheria Namba 23 ya mwaka 2002, na tuna Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, ndugu zetu wa Kenya wana Bodi ya Famasia na Sumu. Chupa isiyo na jina la mtengenezaji, namba ya toleo, tarehe ya mwisho wa matumizi na kiasi cha kila mmea irudishwe ilikotoka. Kisha, kwa juma zima kabla ya kuanza, apime sukari ya asubuhi kabla ya kula na kuandika, na apime pia kile kipimo cha wastani wa miezi mitatu, HbA1c. Baada ya kuanza aendelee na dawa zake zote kama alivyoandikiwa, asiongeze mchanganyiko mwingine, na aendelee kuandika. Miezi mitatu ikipita arudie kipimo cha wastani. Kikiwa hakijashuka, chupa haijamsaidia chochote na fedha yake inunue vipande vya kupimia. Kikiwa kimeshuka, ni daktari atakayepunguza dawa, hatua kwa hatua, na si mgonjwa mwenyewe wala muuzaji.

Anayemeza glibenklamidi au kujidunga insulini awe mwangalifu maradufu, hasa akiwa mzee au figo zake zikiwa dhaifu, kwa sababu dawa hizo pamoja na mmea wenye nguvu zinaweza kuishusha sukari chini ya milimoli 4 kwa lita. Jasho la ghafla, kutetemeka, njaa kali, moyo kwenda mbio na kuchanganyikiwa ndizo dalili. Apewe mara moja vijiko vitatu vya chai vya sukari katika maji, apimwe baada ya dakika 15, na arudiwe ikiwa bado. Aliyepoteza fahamu asimwagiwe kitu mdomoni, akimbizwe hospitali. Wanaofunga Ramadhani wasianze kabisa dawa mpya ya namna hii ndani ya mwezi huo.

Wako ambao kwao jibu langu ni hapana. Mama mjamzito au anayenyonyesha asitumie, kwa kuwa usalama wa mtoto haujathibitishwa, na risasi huvuka kondo la nyuma. Mtoto asipewe. Mwenye ugonjwa wa ini au wa figo asitumie. Anayesubiri upasuaji aache majuma mawili kabla na amwambie daktari wa usingizi. Na mwenye kisukari cha aina ya kwanza, ambaye kongosho lake halitengenezi insulini, asiache sindano hata siku moja kwa ahadi ya mmea wowote, maana bila insulini damu yake hugeuka tindikali na anaweza kufa katika siku chache. Kijana wa aina hiyo akiambiwa na jamaa zake kwamba sindano zimemchosha na ipo dawa ya asili ya kumpumzisha, nawasihi ninyi wazazi na mashangazi mlio hapa mlizuie jambo hilo kwa nguvu zenu zote.

Aliyekwisha kupata madhara asiyanyamazie. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba hupokea taarifa za madhara, na mhudumu wa kituo chochote cha afya anaweza kukusaidia kujaza fomu. Mnaotumia vidonge hivi sasa, njooni mezani tukimaliza, au nileteeni dukani. Njooni na chupa yenyewe pamoja na boksi lake, si jina mlilolikariri tu, kwa sababu namba ya toleo iliyopigwa ubavuni mwa chupa ndiyo itakayoiwezesha mamlaka kujua bidhaa hiyo imetoka wapi na ni nani mwingine ameinunua.